Mayai Mawili Mfukoni mwa Koti

Mke wangu mpendwa, Mama Neema,

Nyumba yetu ya hapa Nyasho, Musoma, ni nzima. Kuku wako wanataga kuliko ulipokuwepo, nadhani ni kwa kunikomoa tu, maana hakuna wa kula mayai yao zaidi yangu. Neema ananiambia kuwa huko kwake Mwanza umeanza kutembea asubuhi mpaka dukani na kurudi. Nimefurahi. Lakini tangu Jumanne nashika randa naiweka, nashika msumeno nauweka. Nimeona kazi haitakwenda mpaka nikuandikie, na nikuandikie wazi, kila mtu asome, kwa sababu uongo wenyewe niliusema mbele za watu.

Unakumbuka nilivyofika kwenu Kibara, fundi kijana niliyeitwa kutengeneza milango? Ulileta ugali wa muhogo na sato wa kuchemsha. Nikamaliza. Ukaleta tena, nikamaliza. Mama yako akacheka, akasema, "Huyu anakulaga vizuri, huyu atakaa." Tangu siku hiyo chakula kilikuwa ndiyo maneno yetu. Tukigombana hukuomba radhi, ulipakua. Nami nikitaka kukubembeleza nilipitia mwaloni kwa wavuvi nikarudi na samaki mkubwa, na hasira zako zikaisha kabla sijavua viatu.

Kisha mwili ukakuzidi. Ukitoka sokoni ulipumzika mara nne kabla ya kufika nyumbani, na mara ya nne ulikuwa unalia kwa maumivu ya magoti. Neema alipoleta habari ya upasuaji wa kupunguza tumbo, nilikataa. Nikasema tumbo amelitoa Mungu, nani wa kulikata? Ukanijibu, "Na magoti alitoa nani? Mbona hayo huyatetei?" Ukaenda, ukafanyiwa. Siku ulipotembea kwa miguu mpaka ziwani bila kupumzika, ukavua viatu ukasimama majini unacheka peke yako, nilijua kwamba nilikuwa nimekosea. Sikukwambia.

Mwaka wa pili baada ya upasuaji ndipo kutetemeka kulipoanza. Ulikuwa unachambua maharage, saa mbili hivi baada ya chakula cha mchana. Jasho likakutoka, mikono ikakataa, ukaniita kwa jina la kaka yako. Nikakimbia kukukorogea chai yenye vijiko vinne vya sukari. Ukazinduka, nami nikajiona daktari. Baada ya muda kidogo ukaanguka tena, nikakoroga tena. Siku ile nilikukorogea mara tatu.

Daktari alituchorea kwenye karatasi. Alisema kwa tumbo ulilo nalo sasa, vitu vitamu na wanga mwingi vinapita mbio, mwili unashtuka na kumwaga dawa yake ya kushusha sukari kuliko inavyohitajika, ndipo sukari inaporomoka. Nikamuuliza, "Sasa daktari, sukari inashushaje sukari?" Akarudia. Nikatikisa kichwa kama nimeelewa. Wewe ndiye uliyeelewa. Yai kwanza au samaki kwanza, ugali kidogo na mwisho, uji wa sukari na soda basi. Ikishuka, nusu kikombe cha juisi, nusu tu, halafu yai au karanga za kuishikilia isishuke tena. Ulinifundisha kama mtoto wa chekechea. Na bado kila jioni nilikuongezea tonge kwenye sahani, kwa sababu kukuona ukila kidogo kuliniuma. Ukala, ili nisiumie.

Sasa nifike Butiama.

Tulikwenda kwa wakwe, wazazi wa mke wa kijana wetu, mara ya kwanza tangu harusi. Ulichemsha mayai mawili ukayafunga kwenye kitambaa. Tuliposhuka kwenye gari ukanionyesha: "Nitaanza na haya, halafu nitaonja cha kwao kidogo." Nikaona aibu. Mkwe aingie nyumba ya watu na chakula chake mkononi, kama anaogopa kuwekewa sumu? Nikayachukua nikayatia mfukoni mwa koti langu. Nikasema, "Nitakupa baadaye." Uliniangalia. Hukubisha, maana wakwe walikuwa wameshatoka mlangoni na vigelegele.

Walituandalia kweli. Ugali, nyama, wali juu yake, togwa tamu kwenye vikombe vikubwa, na soda. Ulipoacha nusu, mama mkwe akasema kwa upole, "Mama, huku kwetu mgeni akiachaga chakula tunajuaga hajatupenda." Wote wakaniangalia mimi. Mimi nikakuangalia wewe. Nikasema, "Kula, mke wangu, usinitie aibu." Ukala. Ukanywa na togwa yote. Walifurahi sana, na mimi nilifurahi kuliko wao.

Tulikuwa tunaendelea mpaka Kibara kumsalimia mama yako. Tulipofika Bunda stendi ulikuwa umelowa jasho, unaongea maneno yasiyoshikana. Mwanamke muuza machungwa akasema, "Huyu mama amepandisha mapepo, mtafutieni mtu wa kumwombea." Mwingine akasema umelewa. Nikanunua soda, nikakunywesha chupa nzima. Nusu kikombe nilikisahau, na mayai niliyasahau. Ukafumbua macho, watu wakasema asante Yesu, tukaondoka. Kabla ya kufika Kibara ukaanguka tena, na safari hii hukunijibu kabisa.

Pale zahanati muuguzi alikutundikia dripu huku akiuliza, "Mgonjwa wenu ana tatizo hili, mbona hakutembea na chakula chake?" Mama yako alikuwepo, ndugu zako walikuwepo. Nikasema, "Alisahau nyumbani." Ulikuwa umeshafumbua macho. Ulinisikia. Uligeukia ukutani, na ndugu zako wakaanza kukusema kwa uzembe, na mimi nikawaacha wakuseme.

Wiki ile ile Neema akaja kukuchukua. Ulipokuwa unafunga kitenge chako cha safari ulisema, "Sijakukimbia, Baba Neema. Ila kwako mimi nashindwaga kukataa." Nimelifikiria neno hilo mpaka nimechoka. Kama ungesema nimekupiga, ningejua pa kuanzia kuomba msamaha. Mtu anaombaje msamaha kwa kulisha?

Sasa kazi yangu ni simu. Ukila saa saba, mimi nakupigia saa tisa. Nasikiliza ulimi wako. Ukiongea haraka, ukinisema kuhusu kuku, najua uko salama, narudi kwenye mbao zangu. Hiyo ndiyo tiba yote niliyo nayo.

Jumanne nilipiga. Neema alikuwa kazini. Ulipokea, ukasema taratibu, "Baba Neema." Nikasema naam. Ukasema, "Mayai yangu umeyaweka wapi?"

Nilisimama pale pale karakanani. Nikakwambia kunywa juisi, iko mezani, nusu kikombe. Ukauliza tena, "Umeyaweka wapi? Wakwe wanakuja." Nikasikia kitu kimeanguka, sijui ni kikombe, sijui ni wewe. Nikaita. Nikampigia Neema hapokei. Sina namba ya jirani yenu hata mmoja, sikuwahi kuiomba. Kutoka Musoma mpaka Mwanza ningefika kufanya nini? Nilikuwa na simu sikioni na mikono miwili ya fundi ambayo haikuwa na kazi. Ilikuwa nusu saa mpaka Neema aliponipigia kuniambia kuwa aliona simu zangu akakimbilia nyumbani, amekukuta chini, amekupa juisi, umekaa, unamuuliza mbona amerudi mapema.

Jioni uliongea nami ukicheka. Hukukumbuka kitu. Sikukwambia uliniuliza nini.

Neema anauliza urudi lini nyumbani.  Nakutaka hapa, na naogopa mkono wangu ukiwa karibu na sahani yako. Hata sasa najifunza yai kwanza, ugali mwisho, nakula hivyo peke yangu, kana kwamba itakusaidia. Jumapili nitakwenda Kibara, nimwambie mama yako na ndugu zako kwamba hukusahau kitu.

Kaa salama, mke wangu. Kula kidogo.

Na lile swali lako: yalikuwa mfukoni mwangu, mama. Niliyakuta usiku ule pale zahanati, nilipovua koti nikufunike. Yalikuwa yamepondeka. Muda wote ule yalikuwa mfukoni mwangu.

Mumeo,
Baba Neema