Chupa ya Sendofu ya Neema

Mdogo wangu mpendwa,

Watu huanza barua kwa kusema hatujambo. Mimi nimechoka, na nakuambia hivyo hivyo nilivyo. Nimekaa kwenye kigoda jikoni, miguu imevimba, mikono inanata maji ya embe mpaka kwenye viwiko, na nzi wameniona mimi ndiye sherehe yenyewe. Jumamosi tunamuaga Neema kabla ya harusi yake. Sendofu itakuwa Same mjini, ukumbini. Kamati imeshapanga pilau, kuku, soda, kila kitu. Binti yako kaniambia hataki shampeni ya dukani ifunguliwe tu na kumiminwa. Anataka kile kinywaji chako cha Krismasi.

Nikamwambia, "Wewe ulikuwa mtoto mdogo, ulikinywa wapi?"

Akasema hakukinywa, anakumbuka harufu.

Basi leo najaribu kukitengeneza, na kila hatua nakutana na wewe.

Unaikumbuka ile Krismasi? Ulikuwa umeanza kazi ya kaunta hotelini huko Unguja. Ulipanda mlima na chupa mbili umezifunga kwenye khanga, umezikumbatia kama vile umebeba mayai. Nikakuuliza ni nini, ukasema ni mvinyo wa mapovu, wageni wa hotelini wanakunywa hata asubuhi. Nikasema, "Asubuhi? Na shambani wanakwenda saa ngapi?"

Friji hatukuwa nayo. Ukasema lazima chupa zipoe sana, tena sana. Tukazifunga shingo kwa kamba ya katani, tukazitumbukiza kwenye mfereji unaotoka ndivani, pale maji ya bwawa letu yanapopita yakienda kumwagilia mashamba ya chini. Yule mzee jirani aliyekuja kufungua maji ya zamu yake akatukuta tumechuchumaa na kamba mkononi. "Shikamoo," tukasema. "Marahaba. Mnavua nini humo?" Ukamjibu bila kucheka, "Soda, mzee." Akaondoka anatikisa kichwa.

Halafu likaja lile jambo ambalo mpaka leo likitajwa naona aibu na kicheko kwa pamoja. Ulinipa chupa ya kwanza, fungu la mchaichai na tangawizi iliyopondwa, ukaniambia, "Dada, anza na hivi, mimi namwogesha Neema." Sasa nakuuliza, mwanamke gani wa huku kwetu utamkabidhi mchaichai na tangawizi halafu asiwashe moto? Nikabandika sufuria. Nikamimina mvinyo wote, nikatia majani, nikafunika. Uliporudi na mtoto analowanisha sakafu, chupa ya hotelini ilikuwa inatokota.

"Dada! Umebandika shampeni?"

"Si umesema nianze?"

Ulikaa chini. Ulicheka mpaka machozi, ukashika mbavu, ukashindwa kusema. Neema akacheka kwa sababu wewe ulikuwa unacheka, yuko uchi, ana sabuni masikioni. Mama akaingia kuuliza kuna nini, akajimiminia kikombe, akaonja. "Chai yenu imechacha," akasema, "lakini kifua kimefunguka." Akamaliza kikombe.

Chupa ya pili ulinishika mkono kabisa, kama mtoto wa darasa la kwanza. Ni sukari, tangawizi na mchaichai ndivyo vinavyochemshwa, peke yao, mpaka maji yawe mazito. Chuja, acha yapoe. Embe za kule Maore, zile zilizoiva mpaka zinalia maji, sugua kwenye chujio ubaki na rojo laini. Pesheni kata, tia pamoja na mbegu zake. Mnanaa usikatwe kwa kisu, upige kofi moja kati ya viganja, harufu itoke. Mvinyo uwe wa mwisho. Na usimimine mpaka watu wawe wamekaa na glasi ziko mikononi, na usikoroge kama uji. "Mapovu hayangoji, dada," ulisema. "Watu wakae kwanza." Tulikuwa na vikombe vya bati, lakini ulisema glasi, nami nikakubali ni glasi.

Kizibo kikaruka kikapiga bati la paa. Mama akapaza sauti, "Jina la Yesu!" akamfunika Neema kwa khanga yake. Baadaye akanywa vikombe viwili akidhani ni ile ya harusi za usharika, isiyo na kileo. "Hii soda ya Unguja inachangamsha," akasema, akaanza kuimba sauti ya pili ya kwaya, peke yake, bila sauti ya kwanza. Ukauma pindo la khanga usicheke. Mama amekwenda kaburini, Mungu amrehemu, na hakuna aliyemwambia.

Zile sikukuu zilipokwisha ukanipa Neema mlangoni. "Nishikie kidogo, dada," ukasema, kama mtu anayeacha mfuko stendi aende dukani mara moja. Nami nikashika. Sijawahi kujuta kwa hilo, usinielewe vibaya. Mungu hakunijalia mtoto wa tumboni, na huyu aliingia nyumbani kwangu na kelele zake na viatu vyake vya kupoteza kila siku. Yeye akaniita mama mkubwa, kama inavyotakiwa. Majirani ndio walioanza kuniita Mama Neema. Mwanzoni nilikuwa nawasahihisha. Halafu nikaona nitamsahihisha nani, wakati mwenye jina haji.

Ulikuja mwaka mmoja, ukaruka mwingine, ukaja, halafu ukaolewa na kuja kwako kukaisha. Nilisikia kwa watu kwamba huko unaitwa Mama Salum. Nilifurahi, kweli. Nilidhani sasa utamchukua Neema, au angalau utamwita akacheze na mdogo wake.

Matokeo ya kidato cha nne yalipotoka na amefaulu, mtu wa kwanza ambaye Neema alimpigia ulikuwa wewe. Alikuwa amesimama hapa hapa jikoni, simu ameiweka sauti ya nje ili na mimi nisikie unavyoshangilia. Mumeo akauliza huko kwako ni nani anapiga. Ukajibu, "Ni mtoto wa dada."

Neema akakata simu, taratibu tu.

Nilikutetea. Nakuapia nilikutetea. Nikamwambia, "Kwetu mtoto wa dada ni mtoto wako. Mama yako hajasema uongo." Akanitazama akasema, "Kwetu, ndiyo. Lakini yeye hakuwa anaongea na mtu wa kwetu."

Tangu siku ile aliacha kuniita mama mkubwa. Ananiita Mama. Mara ya kwanza nilitoka nje nikajifanya naangalia kuku. Nilikuwa na furaha, na chini yake huzuni, kwa sababu nilijua ninakula chakula kilichopakuliwa kwa ajili yako.

Sikuchukii. Ulikuwa na hofu, na hofu ukiifuga muda mrefu inazoea nyumba. Mumeo hajui, na kila mwaka unaopita kumwambia kunakuwa kugumu zaidi. Naelewa yote hayo. Lakini nimechoka, mdogo wangu. Nimechoka kusema "mama yake yuko kazini" kwenye vikao vya wazazi. Nimechoka kukuwekea nafasi kama mtu aliyeweka khanga kwenye benchi la kanisa, ibada inaendelea, watu wamesimama nyuma, na mimi nasema, "Hapo pana mtu."

Juzi Neema alikuwa anachuma mnanaa pale bombani. Ni ule ule ulioupanda wewe Krismasi ile. Umetambaa mpaka tunaukanyaga tukichota maji. Bila kuinua kichwa akaniambia, "Mama, saa ya keki mshereheshaji ataniambia nimlishe mama yangu. Akija, nitamlisha yeye kwanza. Asipokuja, usimwekee kiti."

Nikasema sawa. Ningesema nini?

Basi sikiliza. Njoo. Huko nyumbani kwako aga unavyoweza. Sema unakwenda kumuaga mtoto wa dada, sitakuuliza. Lakini ukishaingia mlango wa ukumbi, maneno hayo yaache nje. Mle ndani mshereheshaji atamwita Mama Neema, na atakayesimama utakuwa wewe. Mimi nitakaa safu ya nyuma na kitenge changu cha mama mkubwa. Jina nitakurudishia mbele za watu wote. Litaniuma, sikufichi, pengine nitatoka tena kuangalia kuku wasiokuwepo, lakini nitakurudishia. Na mvinyo utamimina wewe, maana mimi nikipewa chupa unajua ninakoipeleka.

Usipokuja, nitaifungua mwenyewe. Sina uzoefu, huenda kizibo kikampata mwenyekiti wa kamati kwenye paji la uso. Watu watakuwa wamekaa, glasi ziko mikononi, na mapovu ulinifundisha mwenyewe kwamba hayangoji. Nitasimama, nitakula keki kutoka mkononi mwa mtoto, na nikishaimeza basi. Usije Krismasi nyingine kuniomba nisogee.

Barua hii nampa mtu wa tangawizi anayeleta magunia huko, kwa sababu simu yangu hupokei. Ameniahidi kukupa mkononi. Rojo la embe liko tayari, nimelionja, limekubali. Kinachokosekana ni mvinyo na wewe.

Nisalimie Salum. Mbusu kwa niaba yangu. Mtoto wa mdogo wangu ni mtoto wangu, na mimi nikilisema neno hilo, mtu yeyote anaweza kuwa anasikiliza.

Ni mimi dada yako,

Mama Neema, mpaka Jumamosi.