Geti Lililofungwa kwa Nje

Mwanangu kipenzi,

Mimi mzima, magoti tu yananisumbua. Jirani ndiye ananiandikia.

Dada wa kazi ameungua. Karai la mafuta ya moto lilimpindukia, na mkeo alikuwa ametufungia geti kwa nje kama ulivyoagiza, eti asitoroke. Nilipiga kelele mpaka sauti ikakauka. Majirani walikuja, wakaishia kutuchungulia. Fundi alipokata kufuli, binti wa watu alikuwa hajitambui.

Hospitalini alizinduka akaniuliza, "Bibi, umekula?" Nililia kama mtoto.

Daktari amekata tamaa. Mkeo ameshaanza kutafuta dada mwingine wa kazi. Mama wa binti yuko njiani. Nakupenda, lakini mimi niliyekuzaa nitamtazamaje mwenzangu usoni?

Ni mimi,
Mama yako.