Neno Uliloniandikia Gazetini

Njuguna, baba yangu,

Nakuita baba kwa sababu jina lako ni la baba yangu aliyenizaa. Agustino ni jina la Mapadre, na wao waendelee kukuita hivyo. Mimi nitakuita ninavyotaka.

Anayeshika kalamu ni Theresia, mke wako. Mimi kalamu siijui, nawe wajua. Nimemwambia aandike kama ninavyosema, asinipambe. Na tunaandika Kiswahili, si Kigikuyu chetu, kwa sababu lile neno uliliandika kwa Kiswahili. Nataka jibu lipite njia hiyohiyo liliyopitia neno.

Nimechoka, mwanangu. Sisemi ili unihurumie, nasema tu ilivyo. Tulipokuzika pale misheni mvua ilikuwa inanyesha, na kahawa ilikuwa ndiyo kwanza imetoa maua. Sasa ni nyekundu, nasi tuko shambani kila siku na vikapu kiunoni. Asubuhi nikiinuka kitandani nakaa kwanza, naiambia miguu, haya, leo tena. Siku nyingine inakataa.

Watoto wako ni wazima. Yule mdogo ametoa meno na anauma kila mtu. Kule Thika shuleni kwako wameweka mwalimu mwingine, na wanafunzi wanafurahi kwa sababu hawachapwi tena kwa kuchanganya R na L. Kijiji chetu bado kimezungushiwa mtaro na askari, bado tunaonyesha karatasi getini kama wageni kwetu wenyewe. Baba yako yu hai, masikio yamekufa kabisa, na anaomba ugoro kama zamani. Na Mama Mkubwa, mke mwenzangu, amekufa. Pengine hilo unalijua kuliko mimi, pengine mmeshaonana. Lakini nitafika huko. Usiniharakishe.

Watu bado wanagombana juu yako. Juzi tukiwa kwenye mstari wa kupima kahawa, mmoja alisema ulikuwa mtu wa Wazungu. Mwingine akasema tungekuwa na watu kumi kama wewe nchi hii isingeharibika. Niliwaambia wote wawili wanyamaze. Njuguna hakuwa mtu wa Wazungu, alikuwa mtu wa Papa, na Papa hajawahi kuja Ruiru kuchukua shamba la mtu. Walicheka. Mimi sikucheka. Nilikumbuka ulivyosimama mbele ya watu ukakataa kiapo cha watu wa msituni, na ulivyosimama tena mbele ya afisa wa serikali ukakataa kumtaja hata mmoja aliyekila. Wale wakakuita msaliti, na hawa wakakuita mkaidi. Ukarudi nyumbani ukaomba chai.

Ulikuwa mgumu. Tangu lini? Nimejiuliza sana. Nilikupeleka misheni ukiwa mdogo kwa sababu ya masikio, si kwa sababu ya Mungu. Yalikuwa yanatoa usaha, na yule Sista alikuwa na dawa. Nilikubeba mgongoni mwendo wote huo. Ulipona masikio, lakini ulirudi na Mungu ndani yake, na baada ya hapo hukusikia mtu mwingine vizuri. Kwenye sherehe ya binamu yako walichinja mbuzi siku ya Ijumaa, siku yenu ya kutokula nyama, ukakaa katikati ya wajomba ukila viazi vitupu. Mjomba wako alikuuliza, "Huyo Mungu wako anaogopa mbuzi?" Ulimjibu, "Hapana, mjomba. Mimi ndiye ninayemwogopa Yeye." Nilikasirika siku hiyo, maana mfupa niliokuwekea nilikuwa nimeuficha kwa taabu. Lakini pia moyoni nilisema, huyu hanunuliki.

Sasa nije kwenye lile neno.

Siku ile tulikuwa tumekaa chini ya miti ya kivuli saa ya chakula. Mke wa karani akaja mbio na gazeti la misheni, anapiga kelele, "Mama Njuguna! Mwanao yumo humu, picha na yote!" Tukamzunguka. Akasoma polepole. Uliandika juu ya ndoa, mume mmoja na mke mmoja, na kwamba Kanisa lisilegeze hata kidogo. Hayo nilikuwa nayajua, ulikuwa ukiyasema hata mezani. Kisha akasoma hivi, na mimi nimeyashika kichwani kama wimbo: "Mke wa pili, hata apendwe namna gani na watoto wake, mbele ya Mungu ni suria."

Njuguna, hakuna hata mmoja wetu aliyelijua neno hilo. Sisi Kiswahili chetu ni cha kupimia kahawa. Tulisikia kupendwa, tukasikia watoto, tukasikia mbele ya Mungu. Wanawake wakanipigia vigelegele! Wakasema mwalimu amempa mama yake cheo. Kuanzia siku hiyo nikawa Mama Suria. "Mama Suria, pita mbele." "Mama Suria, keti hapa penye kivuli." Na mimi nilijivuna. Nilitembea nimenyoosha shingo.

Jumamosi tukaenda sokoni Thika. Mmoja akaniita kutoka upande wa pili wa njia, "Mama Suria, njoo uone kitambaa hiki!" Yule fundi cherehani wa Mombasa, mzee Athumani, akasimamisha mashine yake. Akaniambia taratibu, "Mama, nani amewafundisha kukuita hivyo?" Nikamjibu kwa sauti ili watu wasikie, "Mwanangu, mwalimu, gazetini!" Aliinamisha macho. Akanisogelea akasema, "Huko kwetu pwani, mama, suria ni mwanamke anayewekwa ndani na si mke. Zamani walikuwa wakinunuliwa."

Nikamwambia asante. Nikanunua kitambaa. Bado ninacho, sijakishona.

Wanawake sikuwaambia. Waliendelea kuniita hivyo kwa heshima, nami niliitika. Ningefanya nini? Ningesema mwanangu amenitukana na nyinyi mkapiga vigelegele?

Nilimwambia Mama Mkubwa peke yake. Alicheka mpaka akashika ubavu. "Kumbe miaka yote hii nimekaa na mwanamke wa kununuliwa, na hata kuni hujui kupasua!" Kisha akaacha kucheka. Unakumbuka yeye alikuwa ameanza mafundisho kila Alhamisi. Yeye njia yake ilikuwa wazi, ni mke wa kwanza, angebatizwa Pasaka. Alhamisi iliyofuata alikaa nyumbani akimenya maharagwe. Alisema, "Siingii nyumba ambayo wewe unaitwa hivyo." Ulipokuja kumuuliza mbona ameacha, alikuambia magoti yanamuuma. Ukaamini! Wewe uliyesoma vitabu vyote vile ukaamini habari ya magoti.

Hivyo neno lako moja lilitufungia sote wawili nje. Nataka ulijue hilo. Halafu nataka ujue kwamba nilijua ukweli wako pia. Hukuandika ili kuniumiza. Uliandika kama mtu anayekata mti, haangalii nani amekaa upande unaoangukia.

Theresia amesimamisha kalamu. Nimemwambia andika, mama, tuko karibu.

Ulipolala na ule ugonjwa wa kifua, nilikuja na uji wa wimbi. Nilikuwa nimekaa na jambo hilo miaka miwili. Nilisimama mlangoni nikasema, "Suria wako amekuletea uji." Uso wako, Njuguna. Sitausahau. Ulijaribu kuinuka ukashindwa. Ulisema, "Maitu, mama yangu, nani alikuambia?" Nikasema, "Fundi cherehani. Ungeandika kwa Kigikuyu ningelisikia mapema." Ukasema, "Kwa Kigikuyu neno hilo halipo." Nikasema, "Ndiyo. Halipo."

Ulipumua kwa shida kitambo. Kisha ukasema maneno ambayo nimeyageuza kila siku tangu hapo: "Nisamehe neno, Maitu. Fundisho siwezi kukuomba unisamehe, si langu."

Hata unakufa hukulegeza. Nilichukua kikombe. Nilikuambia nakwenda kukiosha. Kilikuwa hakijaisha hata nusu, uji ulikuwa bado na moto. Nilikwenda uani nikakiosha polepole, nikakiosha tena. Niliporudi ulikuwa umelala. Kesho yake hukuongea tena, na keshokutwa ukaenda. Sikukujibu. Wewe uliomba, na mimi nikaosha kikombe.

Huo ndio uzito nilionao. Si wa miguu.

Baridi ya Julai ikamchukua Mama Mkubwa. Siku hiyo kijiji kilifungwa tangu asubuhi, askari wanakagua, wanaume wameketishwa uwanjani, hakuna kutoka hata kuchota maji. Tuliomba getini aitwe Padre, wakatufukuza. Akanishika mkono akasema, "Nataka kwenda alipo yule mtoto." Yaani wewe. Hakukuzaa lakini alikunyonyesha wakati mimi nilipokuwa na homa, kwa hiyo wewe ni wake nusu. Nikamwambia, "Ulisema huingii bila mimi." Akasema, "Nilisema. Sasa nimechoka kukaa nje. Wewe utanifuata."

Uliwahi kutufundisha, tukikusikiliza huku tunachambua mboga, kwamba mtu akiwa anakufa na Padre hayupo, yeyote anaweza kumbatiza, hata ambaye mwenyewe hajabatizwa, mradi awe na maji, aseme maneno yenyewe na akusudie linalokusudiwa na Kanisa. Nilikuwa nasikia, Njuguna. Ulidhani sisikii. Nilichukua maji ya birika, nikamwagia kichwani, nikasema Maria nakubatiza, kwa jina la Baba, na la Mwana, na la Loho Mtakatifu. Aliguna, maji yalikuwa baridi. Alikufa kabla ya jua kugeuka.

Padre alipopata ruhusa ya kuja aliniuliza nilisemaje, neno kwa neno. Nikamwambia. Akauliza, "Ulisema Roho au Loho?" Nikasema, "Padre, mimi ulimi wangu ni huu. Mwanangu alinichoka akaacha." Huyo mzee mwenye ndevu akacheka, kisha akafuta macho, akaandika jina la Mama Mkubwa kwenye kitabu. Amezikwa si mbali na wewe. Mimi niliyekuwa nje ndiye niliyemsukuma ndani, nikabaki nje peke yangu.

Sasa sikiliza. Padre anasema njia yangu imefunguka. Mke wa kwanza hayupo, kwa hiyo baba yako akibatizwa anaweza kunioa kanisani. Alilisema kama mtu anayeleta habari njema, na ni njema, lakini unajua inavyouma kuambiwa ufurahi kwa kuwa mwenzako amekufa? Baba yako tulimwambia kwa kupiga kelele sikioni. "Harusi? Nilishaoa! Mbuzi walikwisha kwenda!" Kwa siku tatu alinitazama kwa shaka akidhani ninataka mbuzi wengine. Siku hizi Padre anamfundisha kwa vidole. Nani alikuumba, anaonyesha juu. Amekubali, ila anataka kujua kama huko juu kuna ugoro.

Mimi nimeshika mafundisho yote. Ninayasema bila kukosea, isipokuwa R. Padre aliniuliza kwa nini nataka ubatizo, na jibu la kitabu nalijua, ni kupata uzima wa milele. Nilimjibu, "Nina maneno na mwanangu, naye yuko huko ndani." Akasema hilo halimo kitabuni. Nikasema najua.

Halafu akaja na jambo lililonikwamisha. Alisema lazima nijute miaka niliyokaa kwa mzee kama mke wa pili. Nikamwambia, "Padre, pombe naijutia. Ulimi wangu naujutia. Lakini miaka hiyo ndiyo niliyomzaa Agustino wenu. Nikiijuta, nimemjuta yeye. Hilo siliwezi, nibaki nje." Nikachukua kikapu changu nikaondoka. Nilitembea nikilia barabarani kama mtoto, mtu mzima na mvi zangu.

Wiki mbili hakusema kitu. Juzi alikuja mwenyewe hadi shambani, viatu vimejaa udongo mwekundu. Aliniambia amefikiri na ameomba. Alisema mtoto ni zawadi ya Mungu, hakuna anayeniambia nimjute. Akasema, "Siku ya ubatizo nitakuuliza kama unajuta dhambi zako. Wewe utajibu ndiyo, ukizijua ni zipi. Mungu naye anazijua." Nikamwambia hilo naliweza leo hii, maana kubwa ninayoijua ni moja. Mtoto wangu aliniomba msamaha, nami nikatoka nje na kikombe.

Ubatizo ni Jumamosi ya kabla ya Krismasi. Nitaitwa Monika. Padre ndiye aliyechagua, anasema alikuwa mama aliyemlilia mtoto wake. Nikamwambia basi huyo tutaelewana.

Theresia analia na karatasi inalowa, kwa hiyo nimalize.

Fundisho lako, baba yangu, nimelikubali niingie nalo, kwa sababu sikuona mlango mwingine wa kufika mlipo. Sisemi limeniacha bila kidonda. Na neno nimekusamehe. Nimekusamehe lote, tangu herufi ya kwanza mpaka ya mwisho, na vigelegele vyake. Ilinipasa nikuambie uji ukiwa na moto, na wewe ukinitazama. Nakuambia sasa.

Watoto wako nitawalea kwa kadiri miguu itakavyokubali, na Ijumaa hawatakula nyama nikiwa hai. Theresia hatakosa kuni. Kaburi lako na la Mama Mkubwa nitayapalilia mimi mwenyewe, sitatuma mtu. Hayo nakuahidi.

Pumzika, Njuguna. Ulihangaika sana na sisi. Mimi bado nina safu mbili za kahawa za kumaliza leo, halafu nitapumzika na mimi.

Ni mimi mama yako, mke wa baba yako.