Gunia Ulilosokomeza Ukutani

Baba Zuhura,

Salamu nimeziacha, maana sikuandikii kwa wema. Nakuandikia habari ya mashine ya kukaushia nguo, na nakala nimeibandika juu ya benchi la barazani, kwa sababu na wewe mama yangu ulimsema mbele ya watu watano wanakunywa kahawa.

Unakumbuka siku tulipoileta? Nilikuwa nimefua mashuka ya nyumba za wageni kwa mikono miaka sita, na kila masika yananuka ubichi. Ulitoboa ukuta mwenyewe, ukapitisha bomba la kutolea hewa moto, ukaweka mkono nje ukacheka: "Mama Zuhura, hapa hata samaki anakauka." Mashuka sita, dakika arobaini. Siku hiyo nilikupenda, sifichi.

Kisha wenzako wakaanza kukutania kwamba unanukia sabuni kama bwana harusi, maana tundu lilikuwa nyuma ya benchi lenu. Mimi nilicheka. Wewe hukucheka.

Wiki ile ile mashine ikaanza kuchemka. Dakika arobaini zikawa tisini, ubavu wake haushikiki, mara inajizima yenyewe. Nilipokuuliza, ukajibu kwa sauti ya kusikika barazani: "Muulize mama yako. Anashindilia mablanketi kama anajaza gunia la korosho." Wakaangua kicheko. Mama, aliyekuja kunisaidia kufua, alikuwa mlangoni na kikapu cha nguo. Akasema tu, "Basi, baba, nisije nikawaunguzia nyumba." Kesho yake akarudi kwake Msimbati. Nami sikumtetea, na hilo ni kosa langu.

Wewe ukaenda Songea kwa kazi ya wiki mbili. Huu ni mwezi wa nne hujarudi. Mama hakuwepo, na mashine ikaendelea kuchemka. Hiyo peke yake ingetosha kunifumbua macho.

Jumamosi niliizima ikapoa. Chujio la vinyuzi vya nguo lilikuwa safi. Nikachomoa bomba, nikaiwasha tupu: upepo ukanipiga usoni vizuri. Nikalirudisha, nikatoka nje, nikaweka mkono pale ulipoweka wako. Hakuna hata pumzi. Nikasogeza benchi, nikaingiza ndoano ya waya. Kikatoka kipande cha gunia, kimekunjwa mara nne, kimeungua rangi ya kahawa. Nyuma yake vinyuzi vikavu vya miezi yote hiyo, vinangoja cheche. Zuhura analala chumba kinachofuata.

Na mdomoni mwa gunia, uzi mwekundu. Unamjua anayeshona magunia yake ya muhogo kwa uzi huo. Gunia alilotuletea chakula ndani yake ndilo ulilozibia tundu ili usitaniwe, kisha ukamsingizia yeye.

Jana nilimpelekea mama lile gunia. Aliugusa ule uzi, akalikunja, akaliweka kando. "Aje mwenyewe huyo baba," akasema. "Na aje na wale wa kahawa."

Mashine imerudi dakika arobaini. Kwenye simu umesema unakuja mwisho wa mwezi. Usije hapa kwanza. Ukishuka stendi, unganisha gari la Msimbati. Wenzako watatu wamekubali kukusindikiza. Wawili waliobaki wanaona haya; hapo wamekuzidi, maana wewe haya huna.

Kitasa nimebadilisha. Ufunguo wako anao mama.

Mimi, binti yake,
Mama Zuhura