Neno la Kunywa kwa Kiu

3 Machi

Mwanangu anatunga kamusi! Nimeshamwambia muuza duka, nimemwambia nesi, hata mteja aliyekuja kupunguziwa sketi hakuondoka mpaka akasikia. Haya, sasa salamu. Hujambo, mwanangu? Kifua kimepona?

Sisi wazima, isipokuwa baba yako. Daktari anasema koo walilompasua limepona na njia iko wazi, ila yeye hataki kumeza. Anaogopa kupaliwa. Bado analishwa kwa mpira wa puani, na mwezi ukiisha hajanywa mwenyewe, watamtoboa tumbo wamwekee mpira wa kudumu. Mchana kutwa amelala anatazama mapazia ninayoshona yakijaa upepo. Anasema akisinzia anaota mito tu.

Niandikie hayo maneno yenu nimsomee.

Mama yako

9 Machi

Mama mpenzi,

Shikamoo, na baba mpe shikamoo yake. Kifua kimepona.

Neno la kwanza nililopewa kutafsiri ni la Kiingereza, "quaff". Ni kunywa kwa raha, mafunda makubwa makubwa. Niliandika "kunywa sana", mhariri akakata. Asili yake hakuna aijuaye kwa hakika. Wapo wanaodhani limetokana na sauti ya koo lenyewe. Tangu hapo nikifumba macho namwona baba katoka kujenga, vumbi la saruji kwenye kope, jagi mdomoni, na sisi watoto kimya, tukisikia maji yakishuka ndani yake kama mtu anayeshuka ngazi.

Mwambie namwaza.

Binti yako

15 Machi

Mwanangu kipenzi,

U mzima? Mimi mzima mpaka nazidi.

Nilimsomea. Akasema, "Rudia pale pa jagi." Nikarudia, akafumba macho. Nikaona kusoma hakutoshi, nikaleta jagi lenyewe nikanywa mbele yake, gu gu gu, maji yananimwagikia kifuani.

Akafumbua jicho moja. "Mwanamke, unakunywa kama kuku. Lete hapa!"

"Nesi kasema kijiko kwa kijiko."

"Nesi kajenga ghorofa ngapi?"

Nikammiminia kikombe, akakishika. Funda la kwanza lilikaa mdomoni, mwanangu, nikaona nyumba nzima imesimama, hata pazia limebaki hewani halishuki. Kisha likapita. Likafuata la pili. Akanywa mpaka kikombe kikatazama dari, nami nikafutia machozi kitambaa cheupe cha mteja.

Mwambie mhariri wako aandike "kugugumia". Akibisha, aje asikilize koo la mume wangu! Kuna mama mwingine gani aliyetia neno kwenye kamusi na cherehani iko mbele yake?

Jana daktari kautoa ule mpira. Waambie kaka zako, wake zao na wajukuu zangu wote, asibaki mtu: tunawangoja Jumamosi, tarehe 22, asubuhi, waje wamsikie baba yenu akigugumia.

Mama yako