Saini ya Mama Mukai

Jumapili, 2 Februari 2025

Mume wangu amenionyesha nyumba! Mume wangu — tangu harusi naliandika neno hili na bado mkono unatabasamu.

Iko Umoja. Vyumba viwili, jiko, choo cha ndani. Cha ndani! Hapa Shauri Moyo tuna chumba kimoja, na jirani yetu Ondiek akikohoa, Zedekiah humwambia pole bila kuinuka kitandani.

Mwenye nyumba ni Mzee Mutunga, dereva mstaafu. Anarudi kwao Mwala kufuga kuku. Mkewe, Mama Mukai, alitupa chai, hakuketi, hakusema neno. Nilidhani ni haya.

Zedekiah alisimama uani akapima hewa kwa mikono. "Kamene, hapa nitakufungia kamba ya nguo." Jamani! Wenzangu huahidiwa nyota. Mimi kamba ya nguo — na nusura nizimie.

Jumatano, 5 Februari

Kwa wakili. Anaitwa Ifrah, ofisi yake iko juu ya duka la dawa, hacheki ovyo. Nilimwaga maswali yangu yote. Zedekiah aliona aibu, mimi sikuona.

Wakili wa mzee hawezi kututosha sote? Hapana. Mkikosana atamtetea nani? Na hati si tumeiona kwa macho? Haitoshi. Ataenda mwenyewe kuipekua ofisi ya ardhi, ajue jina ni la nani na kama kuna benki iliyoishikilia. Mpaka hapo tusitoe hata senti.

Kisha akauliza tutaandikishwaje: kila mtu na fungu lake, au pamoja? Pamoja ni kwamba mmoja akifa, nyumba yote inabaki kwa mwenzake. "Pamoja," Zedekiah akasema kabla hajamaliza. Nikalia! Wakili akanisogezea tishu. Anasema hajawahi kuona mtu akililia swali hilo.

Ijumaa, 21 Februari

Hati ni safi! Jina ni la mzee, hakuna deni, hakuna zuio.

Lakini. Nyumba ya ndoa haiuzwi mpaka mke atie saini kwamba amekubali. Na Mama Mukai amekataa. Mzee anatuambia kwa simu tusijali, yeye atamwambia tu mkewe. Wakili Ifrah anasema hakuna cha kumwambia tu. Asaini mwenyewe, kwa hiari yake, la sivyo hakuna mauzo.

Zedekiah hakula. Samaki! Mtoto wa ziwani ameacha samaki kwenye sahani.

Jumamosi, 1 Machi

Nimeenda peke yangu. Sikumwambia mtu. Nilibeba sukari na majani ya chai.

Mama Mukai akafungua mlango nusu. "Umekuja kupima mapazia?"

"Nimekuja kukusalimu, mama."

"Haya salimu, uende."

Nikamsalimu kwa Kikamba. Mlango ukaongezeka kidogo. Baadaye nikaketi, baadaye akaketi yeye, na maneno yakamtoka. Huko Mwala ataimba na nani? Kwaya yake iko hapa, chama chake kiko hapa. Kuku ni wa Mutunga, hakuna aliyemuuliza yeye kama anapenda kuku.

Akaniuliza mama yangu ni wa ukoo gani. Atangwa, nikasema. Akaweka kikombe chini. Na yeye ni wa Atangwa!

"Basi mamako ni dada yangu, na wewe ni mwanangu. Halafu siku ile ukaninywea chai kama mgeni!"

Tulikumbatiana mpaka kilemba chake kikaanguka. Atasaini! Anasema akimwachia mtoto wake nyumba, hajaiuza. Nani kasema lazima usomee sheria?

Jumapili, 2 Machi

Zedekiah alininyanyua juu mbele ya Ondiek na mkewe. Tukampigia mama yake, Mama Rispa, kule Homa Bay. Alishangilia. Halafu akauliza: huyo mama amemwita Kamene nani? Mwanawe. Akauliza tena. Mwanawe.

"Basi Zedekiah, huyo ni maro wako."

Maro ni mama mkwe. Zedekiah akaketi polepole. Kwao mwanamume hakai pamoja na maro, na kulala naye chini ya paa moja ndiyo usitaje. Na kwetu Ukambani mambo ni yale yale, sikulifikiria hilo kilemba kilipoanguka.

"Lakini anahama!" nikasema. Tukacheka sote, hata Mama Rispa. Anahama!

Alhamisi, 13 Machi

Imesainiwa! Mama Mukai alivaa sare ya kwaya. Alipoingia, Zedekiah alitoka. Ikabidi mkataba umfuate kwenye korido. Wakili Ifrah akanong'ona, mnunuzi ni mgonjwa? "Ana mama mkwe," nikasema.

Tumeweka malipo ya kwanza. Nikauliza, na tukibadili nia? Huenda tusiyaone tena. Kwa nini tubadili nia!

Jumanne, 10 Juni

Ushuru wa stempu tayari. Mzee amemaliziwa pesa zake. Uhamisho umesajiliwa. Majina yetu mawili, karatasi moja! Nimelibusu lake, halafu langu, lisione wivu.

Jumamosi, 14 Juni

Naandika nikiwa juu ya godoro. Godoro liko juu ya mkokoteni. Mkokoteni uko nje ya geti letu. LETU.

Mzee Mutunga ameshakwenda Mwala na viti. Mama Mukai hajaenda. Yuko kwenye chumba cha nyongeza kule nyuma, na ameshatundika pazia. Nikamwambia kwa upole kwamba mkataba unasema nyumba iwe tupu.

"Vitu vyote vimetoka. Kwani mimi ni kitu?"

Halafu: "Mtoto amepata nyumba, mama aende wapi?" Na amenipikia muthokoi, mahindi yetu ya kukoboa na maharagwe.

Zedekiah amesimama getini, mguu haupiti. Mama Mukai naye hatoki jikoni maana mkwe yuko getini. Wanaongea kupitia kwangu. Mwambie mkwe wangu chakula kipo. Mwambie mama asante, niko sawa hapa. Nimekwenda na kurudi mpaka viatu vimeniuma.

Zedekiah amempigia mama yake. Kile chumba cha nyuma kina mlango wake, akasema. Mama Rispa akauliza, na bati ni lake pia? Zedekiah akaenda kuchungulia kutoka kwa jirani. Bati ni moja.

"Basi paa ni moja," akasema Mama Rispa, akakata.

Wakili Ifrah anasema jambo hili ni rahisi sana. Atamwandikia barua leo leo atoke, sheria iko upande wetu. Nimpe tu neno. "Kwani huyo mama ni nani wenu?"

Nikasema nitampigia baadaye. Bado anangoja.

Mwenye mkokoteni anauliza tunashusha au tunarudi Shauri Moyo. Zedekiah ananitazama kwa yale macho yake — mazuri, jamani, hata leo. "Amua wewe, Kamene. Ni mamako." Na huko ndani mamangu anaita, muthokoi unapoa.

Nimemwambia mwenye mkokoteni ashushe kitanda. Godoro libaki kwanza, mpaka nijue Zedekiah atalala wapi.