Handaki Moja Anderlecht, Lingine Forest

Papa,

Mama bado anavaa nyeusi. Ni mwaka wa pili sasa tangu tukuzike hapa Anderlecht, na hakuna aliyemwondoa kilio. Desturi yetu unaijua: mjane hajivui mwenyewe, wanamvua watu wa mumewe. Na mtu wako huku Ubelgiji ni mmoja tu, mdogo wako, tonton Albert. Tonton hakanyagi kwetu.

Waligombania wewe, Papa, usikasirike. Yeye alitaka mwili urudi Lubumbashi, ulale karibu na wazazi wenu. Mama akakataa: watoto wako tuko hapa, nani atapalilia kaburi kule? Mwanzoni walikimbizana kweli. Tonton akienda kwa padre, Mama anamtangulia kwa wazee wa Katanga. Tonton akimpigia simu shangazi wa Likasi, Mama anampigia mkubwa wa ukoo. Kila mmoja alitafuta pa kumzungukia mwenzake, mpaka watu wa kupigia wakaisha. Alors, kila mmoja akakaa kwake, Mama mtaani Anderlecht, tonton mtaani Forest. Kimya.

Mwaka huu wa 2014 televisheni ya hapa haina neno lingine ila ile Vita ya Kwanza ya Dunia, iliyoanza miaka mia iliyopita. Kila nikiiona nakuona wewe mezani Jumapili, mwalimu wa histoire asiye na darasa, ukitunyang'anya uma. Bukari, ugali wetu, inapoa, wewe bado unapanga majeshi kwa zile uma. Hawa Wajerumani, hawa Wafaransa na wenzao. Walianza kwa mbio, kila jeshi likitaka kulipita lingine ubavuni, wakipanda hivyo kuelekea kaskazini, hadi uma wa mwisho ukagonga glasi yako ya maji. Bahari. Hakuna tena pa kuzungukia, na anayesimama wima anafyekwa na rashasha. Bon, wakachimba mahandaki. Nilikuuliza jenerali gani alipanga watu waishi ndani ya udongo miaka yote ile. Ukacheka, kile kicheko chako cha puani.

"Hakuna muntu alipanga, mutoto yangu. Walichimba ya kulala usiku moja tu. Kesho yake wakaongeza kidogo. Kisha wakaleta mbao. Kisha wakaipatia na majina, sawa vile barabara ziko na majina."

Nakukosa, Papa. Nakukosa vibaya, hata hizo uma.

Jumamosi iliyopita nilienda Forest. Nilikuwa nimejiandalia maneno mengi, yote yakapotea mlangoni. Tonton akaniwekea chai. Nikachukua vijiko vyake, nikaanza kuvipanga mezani, vikipandana hivyo hivyo, hadi cha mwisho kikagusa kikombe. Aliujua mchezo wako mara moja. Akaniambia utotoni ulimfundisha kwa vijiti vya kiberiti, na kila siku ulimlazimisha yeye kuwa Mjerumani. Tukacheka. Kisha akakigusa kile kijiko cha mwisho.

"Miye nilisema nitamununia mama yako wiki moja tu," akasema.

Jana akaja. Alisimama mlangoni na koti lake, kitenge kipya kimefungwa kwenye karatasi kwapani, hasogei. Mama naye yuko jikoni, hasogei. Nikakumbuka ulivyotuambia, anayeinua kichwa wa kwanza ndiye anayepigwa. Niliogopa, Papa. Niliona tonton anageuka kurudi kwenye ngazi.

Mama akatoka akipangusa mikono.

"Shemeki, ingia. Bukari iko inapoa."

Tonton alilia kabla hajavua viatu. Alimfungua Mama kitambaa cheusi kichwani kwa mikono yake mwenyewe, akamfunika kile kitenge mabegani. Cha bluu, ile unayoipenda. Mama amezeeka, Papa, nywele zimekuwa nyeupe na hatukujua.

Lala sasa. Toussaint, siku ya kutembelea makaburi, tutakuja wote na maua, kwa gari la tonton. Na nakuahidi kitu kimoja: katika nyumba hii, mtu akinuniana na mwenzake, sitamwachia hata ule usiku mmoja.

Mutoto yako,
Mireille